Geti Lililokula "Ha"

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, wacha nikujibu: sinywi. Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelala, ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka mpaka mabati yanaalika, na mimi nimeshika bisibisi mkononi. Kuna mtu hulala na bisibisi mkononi? Maswali haya nimeulizwa na pasta, nimeulizwa na mke wangu, nimeulizwa hata na shemeji yangu ambaye hakuna aliyemwomba maoni, na nimechoka nayo. Jambo hili lilinipata mimi, nyumbani kwangu Kiamunyi, na nalisimulia kama lilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, lakini asikilize kwanza.

Kazi yangu ni kufunga upya nyaya za mota zilizoungua. Kinu cha posho kikizimika kuanzia Njoro hadi Rongai, mota yake huishia kwangu. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ninachokipenda ni redio, na simaanishi ile ya kusikiliza nyimbo na matangazo ya vifo. Nasema redio ya kuongea, ya watu wa kawaida wenye leseni na waya mrefu uliotundikwa juu ya nyumba. Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana hewani, watu kama kumi hivi, tunajuliana hali, tunaambiana mvua imenyesha wapi, nani mgonjwa, nani amepata mjukuu. Mtu akimaliza kuongea husema "karibu", na hapo mwenzake anajua nafasi ni yake. Ndivyo tulivyozoea.

Sasa, shida yangu ilikuwa kelele. Jirani yangu wa kushoto amefuga kuku wa mayai, na kuku wa mayai, niamini, hawezi kutaga kimya kimya. Lazima atangaze. Ng'ambo ya barabara kuna jamaa anayechomelea mageti, anagonga chuma kuanzia asubuhi. Nyuma kuna kanisa, na Jumamosi mchana kuna kijana wao anayejifunza kinanda, wimbo uleule mmoja, anakosea mahali palepale. Maiki yangu ilikuwa inachukua vyote hivyo na kuvipeleka hewani. Wenzangu wakawa wananiuliza kama natangaza kutoka sokoni.

Basi nikanunua kisanduku kidogo cha kufunga kelele. Kwa lugha ya kazi kinaitwa geti, na jina linafaa kabisa. Kinakaa kati ya maiki na redio. Ukinyamaza, geti limefungwa, hakuna kinachopita. Ukiongea kwa sauti ya kutosha, linafunguka, taa ya kijani inawaka, unapita wewe. Kuna kitufe cha kuzungusha, nacho ndicho kinachoamua sauti iwe na nguvu kiasi gani ndipo ifunguliwe. Ukikiweka chini sana, kuku anapita. Ukikiweka juu sana, hata wewe mwenye nyumba unakataliwa mlangoni kwako. Unadhani ni jambo rahisi? Nilizungusha kitufe kile karibu mwaka mzima.

Ubaya wake ni huu. Geti likiwekwa juu, linachelewa kidogo kufunguka, kwa hiyo linakula mwanzo wa neno. Labda kwa lugha nyingine si kitu. Kwa Kiswahili ni balaa, kwa sababu sisi kukataa kwetu kote tunakuweka mwanzoni. Nilisema siku moja, "Hakuna mkutano Jumamosi ijayo," maana nilikuwa naenda kwa wakwe. Ile "ha" ni pumzi tu, haina nguvu, geti likaimeza. Watu wakasikia, "Kuna mkutano Jumamosi ijayo." Wakakaa kwenye redio zao wakinisubiri mpaka magharibi. Siku nyingine nilimwambia Kiprotich wa Milimani, kwa roho safi kabisa, "Hatuna shida na wewe." Nadhani unajua alichosikia. Alikaa miezi miwili hanisalimii.

Aliyenisumbua zaidi kuhusu geti hilo alikuwa Mzee Barasa wa Rongai. Alikuwa amestaafu kutoka reli, kazi yake ilikuwa mambo ya simu na mawasiliano ya stesheni, kama baba yake aliyekuja Bonde la Ufa na reli hiyohiyo kutoka magharibi. Kwa miaka sita tulikuwa tukiongea kila wiki na hatukuwa tumewahi kuonana uso kwa uso. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, unamjua mtu kwa kikohozi chake kabla ya kumjua kwa sura. Na kila Jumamosi, bila kukosa, nikimaliza tu kuongea, Mzee Barasa angesema:

"Fundi, hiyo geti yako inakula maneno. Tupa hiyo kitu."

"Mzee, narekebisha. Wiki ijayo itakuwa sawa."

"Unarekebisha tangu mwaka jana. Toa hiyo box, ongea na maiki peke yake. Sisi hatujali kuku."

Kila wiki! Mbele ya watu wote! Nakwambia ukweli, ilinikera mpaka nikawa naota nimemwonyesha geti limekaa sawasawa na yeye amekosa la kusema. Unacheka, lakini ndivyo mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga.

Jumamosi yenyewe mke wangu alikuwa ameenda kwenye kikundi cha akina mama. Nilikuwa peke yangu katika kile chumba cha nje ninachokiita ofisi. Nilifunga lango la ua kwa kufuli, kwa sababu mbuzi wa watu huingia na kula sukuma wiki yangu, nikaketi kurekebisha geti la redio. Kwa majaribio huwa natumia neno "hodi", maana lina ile pumzi mwanzoni. Geti likipitisha "hodi" nzima, litapitisha chochote. Basi nikawa nabonyeza, nasema hodi, hodi, kisha nasema karibu, nazungusha kitufe, narudia. Hodi, hodi. Karibu. Labda mara hamsini. Hewani hakukuwa na mtu, au mimi ndivyo nilivyodhani.

"Nimekuja," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye sweta ya kijivu na gambuti, mzingo wa waya begani, na majani makavu ya mkaratusi yamemshika nywele na upande mmoja wa sweta. Kabla sijauliza yeye ni nani, nilikuwa nimeshajua. Sauti ile ningeitambua hata ndani ya pipa.

"Mzee Barasa!"

"Umesema karibu, nikakuja. Fundi, niweke hewani. Nataka kuongea na Mama Nafula."

Mama Nafula ni mke wake. Redio ya kwao ilikaa jikoni, ikiwa imewashwa mchana kutwa, na mama alikuwa na leseni yake mwenyewe. Kwa hiyo ombi lake halikunishangaza. Sikushangaa hata ameingiaje, nilisahau kabisa kwamba nimelifunga lango mwenyewe, nikadhani mke wangu ameliacha wazi tena, na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia akirudi. Nilimkaribisha kiti. Nikamwuliza chai, akakataa. Maji, akakataa. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Mzee, umetoka Rongai na miguu?"

"Niweke hewani. Haraka, kijana."

Nina umri wa miaka arobaini na saba, lakini kwake nilikuwa kijana. Na nitakuambia nilichofikiri wakati huo, ili unijue vizuri: nilifikiri, Mungu ameniletea mzee huyu hapa mwenyewe aje ajionee geti langu. Nikamsogezea maiki. Nikabonyeza kitufe cha kuongelea, nikamwambia, ongea.

"Mama Nafula, Mama Nafula, unanipata?"

Taa haikuwaka.

Nikamwambia asogee karibu zaidi. Akasogea, akarudia. Taa, giza tupu. Nikateremsha kitufe kidogo, akarudia tena. Hakuna. Nikateremsha zaidi. Wakati huo kuku wa jirani akamaliza kutaga, akapiga kelele zake, na taa ikawaka ya kijani, safi kabisa, kuku akaenda hewani. Mzee akafungua kinywa, taa ikazima. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilitukana kisanduku kile matusi ambayo sitayaandika hapa.

"Ongea kwa nguvu, Mzee."

"Mama Nafula! Ni mimi! Unanipata?"

Alipiga kelele, nakwambia, mishipa ya shingo ikamsimama. Masikio yangu yalisikia. Chumba kizima kilisikia. Lakini mshale wa mita ya redio, ule unaopima sauti, haukutikisika hata unywele. Nikateremsha kitufe mpaka mwisho, mpaka geti likawa linafunguliwa na feni ya redio, na mkwaruzo wa kiti changu, na pumzi yangu mimi mwenyewe. Kila kitu Kiamunyi kilikuwa kinapita pale isipokuwa Mzee Barasa.

Mtu mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza mtu wa aina gani ana sauti ambayo sikio linaisikia na maiki haiisikii. Mimi nilibadilisha waya. Kisha nikabadilisha maiki. Kisha nikafungua kisanduku na kuanza kukagua lehemu moja baada ya nyingine. Mzee amesimama nyuma yangu anahema.

"Fundi, wacha hiyo. Wewe mwambie tu. Mwambie aende aangalie kwa miti."

"Utamwambia mwenyewe, Mzee. Hii kitu ni dakika mbili."

"Mwambie wewe."

"Dakika mbili tu, jameni! Mbona una haraka hivi?"

Nakumbuka nilisema maneno hayo. Nakumbuka hata sauti niliyoyasema nayo, ile ya fundi anayesumbuliwa na mwenye mota.

Ungeweza kuniuliza kwa nini sikuondoa geti kabisa na kuchomeka maiki moja kwa moja kwenye redio, kama alivyokuwa akiniambia mwaka mzima. Ni kazi ya nusu dakika. Jibu ni kwamba sikutaka ashinde. Basi. Sina jibu lingine, na nimelitafuta.

Nilipomaliza kukagua lehemu niliamua kuanza upya, nikakizungusha kitufe juu mpaka mwisho ili nikiteremshe polepole. Ndipo redio ikaita. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Sauti ya Mama Nafula ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza huku anaendelea na kazi zake.

"Kituo chochote kinachonipata, naulizia Mzee wangu. Alitoka hapa saa tano na waya, anasema anaenda kuinua antena. Chakula imepoa. Kuna mtu amemsikia? Karibu."

Nikafurahi. Nikamwonyesha Mzee kidole kumaanisha, unaona, huyo anakutafuta. Lakini Mzee alinishika bega. Mkono ulikuwa na uzito kama mkono wowote, nataka uelewe hilo.

"Mwambie siko hapa," akasema. "Mwambie niko kwa miti."

Basi nikacheka. Nilidhani ni mambo ya nyumbani. Wanaume wangapi wamewahi kukwambia, akipiga simu sema siko? Nikaona, kumbe mzee ametoroka chakula cha mama na amekuja kujificha kwangu, na sasa ananifanya mshirika. Nikaamua kumtania mama pia. Nikabonyeza kitufe nikasema, "Hayuko hapa, mama! Karibu."

Mama Nafula akajibu hapohapo. "Haya, asante, Fundi. Mradi najua aliko. Mwambie chakula nimefunika, asichelewe, mvua inakuja."

Nilidhani ameelewa utani. Nikaweka maiki chini, nikamgeukia Mzee nikitabasamu, na yeye alikuwa ananitazama jinsi sijawahi kutazamwa na mtu.

"Umemwambia niko."

"Nimesema hauko, Mzee. Si umenisikia?"

"Umemwambia niko hapa."

"Nimesema *hayuko!* Na kwani si uko? Si uko hapa umesimama? Mnataka nini na mimi nyinyi wawili?"

Mzee akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nami nikamgeuzia mgongo, nikarudi kukiteremsha kitufe polepole, na karibu saa nzima ikapita hivyo. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli sasa, na kwa hasira hiyohiyo nikaling'oa lile geti nililokuwa nalitetea mwaka mzima, nikalitupa chini ya meza, nikachomeka maiki kwenye redio bila kitu katikati.

"Haya! Umeshinda! Ongea!"

Akaongea. Aliita jina la mke wake, jina lake la usichana, si Mama Nafula. Nilitazama mshale. Ulilala. Nyundo ya mchomeleaji ng'ambo ya barabara ikaunyanyua, kinanda cha kanisa kikaunyanyua kidogo, mzee akaita, ukalala. Nilisogeza uso wangu karibu na wake mpaka tukakaribiana kama watu wanaosalimiana. Nikasikia sauti yake vizuri kabisa, na sikuhisi pumzi yoyote ikinigusa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nimechelewa, najua. Hata kuogopa nilichelewa.

"Mzee," nikasema, "uko wapi?"

"Nimekwambia tangu nifike."

Sauti ilikuwa imepungua. Alitazama mikono yake, akatoa majani mawili matatu kwenye sweta, akayaacha yaanguke. Kisha akavuta pumzi ndefu na kuitoa, na baada ya hapo hakuhema tena. Uso wake ukatulia.

"Sasa hakuna haraka," akasema. "Lakini mwambie, asije akanipata usiku."

Nikageukia maiki. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. "Mama Nafula! Mama Nafula, nenda kwa miti, nenda sasa hivi uangalie kwa miti, ita majirani! Umenipata? Nenda kwa miti!" Nilirudia sijui mara ngapi. Nilipoacha kitufe, alikuwa anauliza, "Miti gani, Fundi? Si umesema—" kisha nikasikia kiti kikianguka jikoni kwao Rongai, na maiki ikaachwa.

Nilipogeuka, kiti changu kilikuwa tupu. Nilitoka mbio mpaka langoni. Kufuli lilikuwa limefungwa, kwa ndani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika kumi.

Saa kumi wenzetu wakaanza kuingia hewani, mmoja mmoja, wakisalimiana kama kawaida, wasijue lolote. Mimi sikuweza kuwaambia. Ningewaambia nini? Kisha Mama Nafula akarudi kwenye redio. Alishika kitufe cha kuongelea na hakukiachilia. Mtu akishika kitufe hivyo, nyinyi wengine wote mnabaki kusikiliza tu, hamwezi kumjibu, hamwezi kumwambia pole. Tulimsikia mpaka mtu wa jirani alipoingia na kumtoa maiki mkononi. Sitaki kueleza tulichosikia.

Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkaratusi nyuma ya shamba, mbali na nyumba, ngazi imelala kando yake, waya begani. Miaka sabini na moja na bado anapanda miti mwenyewe! Nilimkasirikia pia kwa hilo, nikiwa pale kwenye matanga, katikati ya watu wanaolia. Mganga wa zahanati aliyeitwa kumtazama alisema alipopatikana mwili ulikuwa bado una joto. Alisema mzee hakufa papo hapo alipoanguka. Alilala pale saa kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, na huenda hakuwa amekaa nusu saa tangu akate roho. Alisema hayo kwa upole, akidhani anawafariji. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nilihesabu. Saa nane. Saa tisa kasorobo. Saa kumi kasoro. Kutoka kwao hadi hospitali kubwa mjini hakufiki saa nzima, hata barabara ikiwa mbaya.

Siku ya tatu ya matanga Mama Nafula aliniita kando, nyuma ya hema, akaniketisha kwenye benchi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Nilimweleza kwamba Mzee alikuja kwangu. Hakubisha. Alisema tu, "Alikuwa mtu wa kupeleka habari, hangelala nayo." Kisha akaniuliza alichoniitia.

"Fundi, nataka kujua kitu moja. Ile saa nilikuuliza, wewe ulinijibu nini? Maneno yenyewe."

"Nilisema hayuko hapa, mama."

"Hayuko."

"Ndio, mama. Hayuko hapa."

 Mikono yake ilikuwa kwenye mapaja, imekunja leso. "Mimi nilisikia *yuko* hapa," akasema. "Ndiyo maana nikafunika chakula. Nikakaa. Nilikuwa naosha vyombo, Fundi, na yeye yuko pale kwa miti, na ningefungua dirisha pengine ningemsikia. Kumbe wewe ulisema vizuri na masikio yangu ndio mabaya."

Ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalikuwa machache: mama, si masikio yako, ni geti langu, na yeye mwenyewe aliniambia nilitupe. Nilifungua kinywa. Kisha akaja shangazi mmoja kumwita kwa ajili ya wageni waliofika kutoka Bungoma, naye akainuka, akaniwekea mkono kichwani kama anavyowekewa mtoto, akasema, "Mungu akubariki, wewe ulijaribu." Akaenda. Nikabaki kwenye benchi.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Watoto wake walimpeleka akapimwe, wakamnunulia vile vidude vya kusaidia masikio, viwili, anavivaa kutwa na anasema vinamwasha. Ameendelea na redio. Kila Jumamosi saa kumi anaingia hewani kutoka Rongai, na kila mtu akimaliza kumweleza jambo, hata kama amelisema wazi kabisa, anamwomba arudie. "Nisamehe," anasema, "masikio yangu yaliniponza siku moja." Kisha wote wanarudia, taratibu, neno kwa neno, kwa heshima. Mimi pia narudia. Kuku wa jirani wanapita, mchomeleaji anapita, na Mama Nafula ananiambia siku hizi ananipata vizuri sana.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa. Ukitumwa neno, lipeleke saa hiyohiyo uliyotumwa, hata kama aliyekutuma amesimama mbele yako na anaonekana anaweza kulisema mwenyewe. Usimwambie dakika mbili. Na ukilipeleka, ngoja uambiwe limesikika vipi. Mimi nimeandika haya yote kwa sababu kumwambia mama yule ana kwa ana nimejaribu mara nne, nimefika mpaka mlangoni kwake mara mbili, na kila nikifika ananikaribisha, ananipa chai, ananiuliza kwa sauti ile kubwa nimesema nini, na mimi namwambia sikusema kitu.